Marekani: kwa kuvua muskie kwenye kina kifupi, chambo cha plastiki laini huchaguliwa kwa uzito kabla ya rangi

Mvuvi amesimama mbele ya mashua. Maji chini yake hayafiki hata mita moja na nusu, na magugu yamebakiza nafasi ndogo tu chini ya uso wa maji. Anatupa chambo cha plastiki laini, kikubwa kama kiganja na vidole vyake vyote. Kinaanguka, kinazama haraka, kinanasa. Akivuta, kinarudi kimefungwa na majani ya kijani. Anakisafisha, anatupa tena, kinarudi vilevile. Baada ya saa moja mikono inauma na hakuna samaki hata mmoja aliyekiona chambo hicho kikiogelea inavyotakiwa.

Hali hii hurudi kila mwaka kwenye maziwa ya kaskazini mwa Marekani na kusini mwa Canada, katika majimbo ya Wisconsin, Minnesota, Michigan na Ontario. Wengi husema ni bahati mbaya, au rangi haikufaa. Mara nyingi kosa lilifanyika mapema zaidi, dukani: walinunua chambo kizito kilichotengenezwa kwa maji ya kina kirefu.

Muskie, ambaye jina lake kamili ni muskellunge, ni samaki mla nyama wa maji baridi. Jina lenyewe limetoka katika lugha ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Ana mwili mrefu kama gogo, mdomo bapa kama wa bata, na meno yanayokata mshipi wa kawaida kama wembe. Kwa msomaji wa Kisangani au Kindu, njia rahisi ya kumuelewa ni kumfikiria mbenga wa mto Congo. Hawana undugu, na mbenga anapenda maji yenye nguvu wakati muskie anapenda kujificha kwenye magugu, lakini wanatazamwa kwa heshima ileile: ni samaki mkubwa, ni mkali, na haonekani ovyo.

Wavuvi wa huko humuita samaki wa kutupa mara elfu kumi, maana yake unaweza kutupa chambo mara elfu kumi kabla ya kumpata mmoja. Ni maneno ya kutia chumvi, lakini si sana. Wisconsin ilimfanya kuwa samaki rasmi wa jimbo mwaka wa 1955. Katika mji mdogo wa Hayward kuna jengo la makumbusho lenye umbo la muskie, urefu wake karibu mita 44, na watu hupanda ndani hadi mdomoni na kusimama kati ya meno. Mwaka wa 1949, maziwa ya karibu na mji huo yalitoa samaki wawili ambao hadi leo watu wanabishana juu yao: mmoja aliandikwa kuwa na kilo 31 na nusu, mwingine kilo 30 na nusu. Wajukuu wa wale waliokuwepo bado wanagombana kuhusu nani alisema kweli.

Jambo hili haliko mbali sana na Wakongomani. Katika mwaka wa 2016, wa 2019 na tena wa 2023, Congo ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili zinaishi leo katika majimbo yenye maziwa, Michigan na Wisconsin yakiwemo. Mtu aliyekulia kando ya Tanganyika au ziwa Edouard, akifika mahali ambapo kuna maji kila kona, ni lazima atauliza mahali pa kununua ndoano. Na siku moja atamuona muskie akifuata chambo chake hadi kwenye mashua, kisha kurudi chini bila haraka. Kuanzia hapo hatalala vizuri.

Kwa nini pembezoni

Muskie hutaga mayai katika majira ya kuchipua, maji yakiwa bado baridi, kati ya digrii 9 na 15 hivi. Hutaga kwenye ghuba ndogo zenye kina kifupi, zinazopata joto mapema. Baada ya kutaga, wengi hubaki hapohapo kwa muda kwa sababu samaki wadogo nao wako pale. Katika Minnesota msimu hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa 6, na wakati huo magugu mapya ndiyo yanapanda. Baadaye, katika joto la Julai na Agosti, baadhi huenda kwenye maji marefu, lakini usiku na alfajiri hurudi kwenye magugu kuwinda. Mwezi wa 9 na wa 10 maji yakipoa, hurudi tena pembezoni.

Kuna pia maziwa ambayo karibu yote ni kina kifupi. Ziwa St. Clair, kwenye mpaka wa Michigan na Ontario, lina kina cha wastani cha mita tatu na kidogo tu, na linajulikana sana kwa muskie wake. Pale asiyejua kuvua juu ya magugu atafute ziwa lingine.

Plastiki laini ilipata jina kubwa kwa wavuvi wa muskie kwa sababu chambo cha mbao au cha chuma, samaki akikiuma, husikia mara moja ni kitu kigumu na hukitema. Plastiki laini inabonyea kama nyama. Samaki hukishikilia sekunde moja au mbili zaidi, na sekunde hizo zinatosha kuvuta fito. Inatengenezwa kwa plastiki ya PVC iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha, kisha kumwagwa ikiwa moto ndani ya kalibu. Ndani ya mwili hupitishwa waya imara unaoshika ndoano, na kichwani hutiwa risasi ili chambo kizame.

Risasi hiyo ndiyo tatizo.

Chambo kinachojulikana kuliko vyote katika jamii hii ni Bull Dawg, mwenye kichwa kinene na mkia mrefu uliojikunja. Wa kawaida ana sentimita kama 23, mkubwa zaidi ana 30, na yule wanayemuita Pounder ana uzito wa karibu nusu kilo peke yake. Ukimtupa Pounder kwenye maji ya mita moja, umetupa jiwe. Atafika chini kabla hujaanza kukunja mshipi. Kwa sababu hiyo watengenezaji hutoa aina zenye risasi kidogo kwa ajili ya kina kifupi, na wavuvi wengine hununua zisizo na risasi kabisa. Dukani zinafanana sana, ni mkono tu utakaotambua. Anayejua huchukua mbili, moja kila mkono, na kuzipima hivyo kabla ya kutazama bei.

Swali la kwanza basi ni hili: chambo kinazama kwa kasi gani? Jibu hupatikana kando ya mashua. Kidondoshe majini na uhesabu polepole. Kikifika mita moja kabla ya kuhesabu mbili, ni kizito mno kwa magugu yaliyo karibu na uso. Kinachofaa hushuka kama jani, kichwa kikiwa chini kidogo tu, mkia ukicheza wenyewe. Hapo mvuvi anaweza kukivuta, kusimama, kukiacha kielee juu ya majani kwa muda, kisha kuvuta tena. Kusimama huko ndiko kunakomshawishi muskie. Samaki mgonjwa huogelea hivyohivyo.

Jambo moja linashangaza wanaoanza: chambo kikubwa kinaweza kufaa kina kifupi kuliko kidogo. Kama risasi ni ileile, mwili mpana na mkia mpana zaidi vinazuiwa zaidi na maji, kwa hiyo kinashuka polepole. Ndiyo maana kutazama urefu peke yake hakusaidii.

Mkia gani

Mkia uliojikunja kama mundu unahitaji kasi kidogo ili ufunguke. Ni mzuri maji yakiwa yamepata joto na samaki wana nguvu. Mkia wa bapa, unaofanana na kasia, hupiga kushoto na kulia hata ukivutwa polepole kabisa, na kila pigo husukuma maji. Pia unainua chambo, na mvuvi akishika fito juu, chambo kinapita sentimita 30 chini ya uso wa maji bila kugusa majani. Kwa siku za mwanzo wa msimu, maji yakiwa baridi na samaki wamechoka baada ya kutaga, huo wa kasia ndio wa kuanza nao, na wa sentimita 15 hadi 20 unatosha. Anayetupa kile cha nusu kilo mwezi wa 6 anajichosha bure.

Aina ya tatu ni mrija: plastiki yenye uwazi ndani, na nyuma kuna nyuzi nyingi kama za ufagio. Haupigi maji. Ukivutwa kwa kushtua, unateleza upande mmoja, ukishtuliwa tena unateleza upande mwingine, na ukiachwa unazunguka taratibu ukishuka. Kwa kuwa una uwazi, wavuvi wajanja huingiza ndani kipande cha sponji kinachoelea ili ushuke polepole zaidi. Ni kazi ya dakika mbili kwa kisu, na inageuza chambo cha kina kirefu kuwa cha kina kifupi. Mrija unafaa hasa kwa samaki aliyekwisha kuonyeshwa kila kitu, yaani yule anayekaa karibu na gati ambapo mashua kumi hupita kila siku.

Katika kina kifupi kuna adui mwingine: pike, ndugu mdogo wa muskie, ambaye amejaa kwenye magugu hayohayo. Anauma mkia na kuondoka nao. Siku moja mbaya inaweza kugharimu mikia mitatu, na chambo kimoja mara nyingi kinauzwa dola 20 au zaidi. Ndiyo sababu wengi hawatupi kilichokatika. Plastiki hii huyeyuka kwa moto: kisu kikipashwa na kuwekwa kati ya vipande viwili, hushikana tena. Ifanyike nje, kwa sababu moshi wake ni mbaya kwa mapafu. Na isichanganywe sandukuni na plastiki ya aina nyingine. Mafuta yake hula sanduku la kawaida, rangi huvuja, na baada ya wiki moja ya jua utakuta uji. Wenye uzoefu huvitundika vichwa juu, kila kimoja peke yake, ili mkia usipinde.

Kuhusu rangi, wauzaji huwachanganya watu. Ukuta wa duka una rangi mia, na nyingi zimewekwa pale ili kumnasa mtu, si samaki. Kinachohesabika ni maji. Maziwa mengi ya kaskazini mwa Wisconsin yana maji ya rangi ya chai, kwa sababu ya majani na mizizi inayooza kwenye vinamasi. Humo rangi ya machungwa, shaba, na nyeusi huonekana vizuri. Kwenye maji angavu hutumika rangi zinazofanana na samaki wa pale: kijani na mistari, nyeupe, au fedha. Usiku nyeusi inashinda, maana muskie hutazama kutoka chini, na kitu cheusi huonekana wazi dhidi ya anga. Mtu akiwa na rangi tatu, moja ya giza, moja ya asili na moja ya kuwaka, anaweza kuvua msimu mzima.

Mshipi na mashua

Chambo chepesi kinaharibiwa kirahisi na vifaa vizito. Kati ya mshipi na chambo lazima kuwe na kipande cha kuzuia meno. Wengi huweka waya wa chuma, nao ni salama, lakini waya mnene pamoja na klipu kubwa huvuta pua ya chambo chini, na ule wepesi ulionunuliwa kwa pesa nyingi unapotea. Juu ya magugu, fluorocarbon nene yenye nguvu ya kilo 45 hadi 60 hufanya kazi vizuri zaidi. Ikaguliwe kila baada ya samaki, na ikiwa na mkwaruzo ikatwe. Mshipi wenyewe huwa wa kusokotwa, nguvu ya kilo 36 hivi, na fito ina urefu wa mita mbili na nusu au zaidi.

Urefu huo wa fito una sababu. Muskie ana tabia ya kufuata chambo bila kuuma hadi kwenye mashua. Kila anapotupa, mvuvi wa muskie haondoi chambo majini mara moja. Anazamisha ncha ya fito na kuchora namba 8 kubwa, mara mbili au tatu, hata kama hajaona kitu. Kwa plastiki laini kona ziwe pana, kwa sababu mkia mrefu ukipindwa ghafla hulala na kuacha kucheza. Samaki wengi huuma hapo, mita moja kutoka kwenye miguu ya mvuvi, na katika kina kifupi wanaonekana wakija. Hapo ndipo watu hushtuka na kunyanyua chambo.

Akiuma, kuvuta kidogo hakutoshi. Meno yamezama kwenye plastiki na kuishikilia, na ndoano haijasogea hata kidogo. Ni lazima kuvuta kwa nguvu kuelekea upande, na ndoano ziwe zimenolewa kwa tupa asubuhi hiyo. Ndoano butu ndani ya plastiki laini hushikilia plastiki tu: samaki hufungua mdomo na kwenda.

Sehemu hii ya mwisho ndiyo wageni huiona ya ajabu. Karibu kila muskie anayevuliwa na wavuvi hao hurudishwa majini. Samaki wa mita moja na robo anaweza kuwa na umri wa miaka 15 au zaidi, na wale wakubwa kabisa ni majike. Ukimuua, ziwa dogo linaweza kukaa miaka mingi kabla ya kuwa na mwingine kama huyo. Kwa hiyo mashuani kuna wavu mpana, koleo ndefu, na mkasi mkubwa wa kukata ndoano. Plastiki laini inaongeza hatari hapa, maana samaki huimeza kwa kina kuliko mbao. Ndoano ikiwa imeingia kooni, inakatwa, haing'olewi. Samaki hubaki ndani ya wavu majini wakati wa kazi yote. Na joto la maji likizidi digrii 26 au 27, wavuvi wengi huacha kabisa kumtafuta muskie, kwa sababu akipigana katika maji hayo anaweza kuondoka akiogelea na kufa baadaye.

Sheria nazo ni kali. Wisconsin, katika maziwa mengi, hairuhusu kuchukua muskie aliye chini ya sentimita 102, na ni mmoja tu kwa siku. Minnesota inadai sentimita 137, kipimo ambacho wavuvi wengi hawajawahi kukiona. Michigan inaruhusu mmoja tu kwa mvuvi kwa mwaka mzima. Kuanzia miaka 16, kila anayevua katika Wisconsin na Minnesota anahitaji kibali. Kosa linalowapata wageni ni kudhani kwamba muskie mdogo ni pike, ambaye masharti yake ni mepesi. Kuwatofautisha, geuza taya la chini na uhesabu vitundu vidogo: pike ana vitano au chini yake kila upande, muskie ana sita hadi tisa.

Kwa anayefikiria sufuria, kuna jambo la afya. Samaki mla samaki anayeishi muda mrefu hukusanya zebaki mwilini. Mamlaka ya Wisconsin inawashauri wanawake walio katika umri wa kuzaa na watoto walio chini ya miaka 15 wasile muskie kabisa, na watu wengine wasizidi mlo mmoja kwa mwezi. Samaki wadogo wa maziwa hayohayo ni salama zaidi na, kwa kusema kweli, ni watamu zaidi kwa kukaanga.

Vilevile kuna swali la plastiki yenyewe. Kila mkia unaokatwa na pike unabaki ziwani. Katika ziwa Charleston, jimbo la Ontario, watafiti walikuta vipande vya chambo laini ndani ya matumbo ya baadhi ya samaki, na majaribio yalionyesha kwamba plastiki hizo huvimba zikikaa majini. Katika Maine, samaki aina ya trauti waliotupiwa vipande hivyo walivila kwa hiari yao na wakapungua uzito. Wavuvi wengine sasa hupitisha waya hadi karibu na mkia ili usikatike wote, na hubeba mfuko wa kurudisha vilivyochanika nyumbani. Wengine bado huvitupa pembeni ya mashua, wakiangalia upande mwingine.